Gibson Masese Ondieki, Fundi wa Hedi na Valvu wa Daraja Mbili (1962–2025)

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, mafundi wenzake waliotoka mjini, na nyote mliofika hapa nyumbani Marani leo, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, mimi ni Lavender, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kama alivyoyaishi.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika boma hili hili, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ondieki na marehemu mama Orpah, wakulima wa ndizi na chai. Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 1970, katika shule ya msingi iliyo hapo ng'ambo ya mto, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1976, akapita, lakini hakuendelea na sekondari. Mwaka wa 1978 mjomba wake alimpeleka Nakuru, katika gereji moja iliyotengeneza magari ya mashindano, akakaa huko miaka tisa, akafunzwa kazi ambayo hakuiacha hadi alipougua.

Kwa wasioijua kazi hiyo, hedi ni kile kipande kizito kinachofunika injini juu, ndani yake mna valvu zinazofunguka na kufungika, hewa na petroli vikaingia, moshi ukatoka, na baba alizoea kusema kwamba injini ni kama mwimbaji, haiwezi kuimba zaidi ya pumzi inayovuta. Kazi yake ilikuwa kuipa pumzi, kuchonga njia za hewa hadi ziwe pana na laini, kusaga valvu hadi zikae sawasawa, kisha kumimina mafuta ya taa juu ya kila valvu na kungoja, na ikivuja hata tone moja, kuanza upya. Februari 1988 alifungua gereji yake pale Daraja Mbili, mjini Kisii, na madereva walimletea magari hata kutoka Kenyenya.

Tarehe 18 Desemba 1994, siku ya Jumapili, alifunga ndoa na mama yetu, Eucabeth, wa kutoka Nyamira, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka wa 1997, Mathew mwaka wa 2000, na Celestine mwaka wa 2004. Alikuwa baba mpole, asiyependa redio ya kelele, aliyetutambua kwa hatua zetu mlangoni kabla hatujabisha. Kanisani aliombwa mara mbili awe mzee wa kanisa, akakataa mara zote mbili, na hakusema kwa nini.

Sasa nafika mahali ambapo baba alinikataza kuparuka. Tarehe 11 Mei mwaka huu, akiwa kitandani, aliniambia, "Ukisoma historia yangu, ukifika kwenye kazi, usiruke hedi ya Mama Persis." Juzi, kikao cha familia kilipokaa, baba mdogo Ogoti alipinga, akasema, "Mtoto wangu, historia si kesi, marehemu hasemwi vibaya mbele ya watu," na mama akamjibu, "Shemeji, anayesema ni yeye mwenyewe, acha mtoto asome." Basi nasoma.

Mwezi wa Agosti 2009, Mama Persis, mfanyabiashara wa ndizi, aliyeketi pale mstari wa pili, alimletea baba pikapu yake, akitaka ipande mlima wa kutoka Marani ikiwa imejaa, bila kulia. Baba alimwambia, "Mama, nikiichonga hii, itapanda ikiwa na ndizi kama iliyo tupu." Akachonga, na ikapanda kweli, na akafurahia sifa, lakini katika kutafuta nguvu zaidi alichonga kupita kiasi, ukuta unaotenganisha njia ya moshi na njia ya maji ukabaki mwembamba kama karatasi, na tarehe 9 Septemba 2009 ukatoboka barabarani, maji yakaisha, injini ikachemka, pistoni zikakwama ndani yake. Baba alipofungua hedi aliona tundu, dogo kama punje ya wimbi, akajua mara moja ni kazi ya mkono wake, akalifunika kwa kitambaa, akamwambia Mama Persis, "Huyu dereva wako ameendesha bila maji."

Dereva huyo alikuwa Manasseh Ochoki. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyempa gari tena. Stendi nzima ilimgeuza kichekesho, akipita tu wanamwita, "Manasseh, umeweka maji?", "Manasseh, chai yako ina maji leo?", hata watoto wa shule wakamwimbia, hadi alipohama na kwenda Borabu kuchuma chai, na hajashika usukani kwa miaka kumi na tano.

Baba hakuiuza hedi ile kama chuma chakavu, aliiweka chini ya meza yake ya kazi, ikakaa huko hadi mwisho, na tangu mwaka huo kila hedi aliyoichonga aliiziba matundu ya maji, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye pipa la maji, akangoja kwa muda wa kuimba wimbo mmoja wa kanisani, beti zote, akitazama kama kuna povu. Mafundi wenzake mlimsifu kwa uangalifu huo. Alitaka mjue ulikotoka.

Mwezi wa Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo la chakula, akatibiwa Kisii, kisha akaomba arudishwe nyumbani, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 5 Juni, akatuacha, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wa Daraja Mbili waliofunga gereji zao wiki nzima. Tunamwomba radhi Mama Persis, anayeyasikia haya leo kwa mara ya kwanza. Na kwa namna ya pekee tunamshukuru mzee Manasseh Ochoki, niliyemfuata Borabu Jumapili, nikamweleza yote, akasema, "Nitakuja, lakini usome kwa sauti."

Mzee Manasseh ameketi pale, mwenye koti la kijivu. Hedi ya pikapu iko hapa mezani, kando ya jeneza, na tundu linaonekana, kila anayetaka apite alitazame. Nyote mliowahi kumuuliza swali lile stendi, na nyote mliocheka, baba ameacha jibu, nami nalisoma kwa sauti: Manasseh aliweka maji.

Tata, baba yangu, nimesoma kama ulivyosema, sikuruka. Sasa pumzika, amani iwe yako.