Watoto Wana Wenyewe: Kumuaga Mama Felisita Malimi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Felisita Malimi anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Picha na Sauti Vijijini kwa miaka thelathini na miwili. Alipoanza kazi, Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na kamera ya video ilibebwa begani kama gunia la mbegu. Tena hakuajiriwa kupiga picha. Aliajiriwa kuchapa barua.

Siku ya ufunguzi wa msimu wa pamba kule Kasoli, mpiga picha wetu wa wakati huo alilala na malaria, na mtu pekee ofisini aliyejua kuiwasha kamera alikuwa mchapaji. Akajifunga kanga kiunoni, akapanda gari. Yule bwana alipopona alikuta nafasi yake imeshakaliwa, akahamishiwa stoo, na hadi leo wakikutana sokoni wanataniana kuhusu yule mbu.

Niseme mapema kwamba mimi ndiye mshika maiki wake wa siku nyingi, kwa hiyo mkiona nampendelea, ni kweli nampendelea. Mama Felisita hafoki. Ukiingiza kivuli chako kwenye picha yake anakutazama tu, kimya, mpaka uhame mwenyewe, na ukishatazamwa hivyo mara moja hurudii. Tulipokuwa Zagayu kurekodi chanjo ya mifugo, ndama mmoja aliyaona yale manyoya ya kuzuia upepo kwenye maiki yangu akadhani ni mama yake, akaanza kunyonya. Mimi nikapiga kelele. Yeye akaendelea kurekodi, na picha ile bado inaonyeshwa kila sherehe ya mwisho wa mwaka. Asante sana, mama.

Lakini kumtaja Mama Felisita bila kuitaja filamu ya Lingeka ni kutosema kitu. Lingeka, kule Meatu, ndiko alikozaliwa na kuchunga. Kwa miaka mingi aliomba ruhusa ya kutengeneza filamu ya utoto wa huko, isiyohusu mbegu wala chanjo. Alitaka kuonyesha jinsi mtoto anavyokua katika kijiji cha pamba na ng'ombe, mbali na lami. Mkurugenzi wetu, Bwana Onesmo, alikubali wakati kustaafu kwa Mama Felisita kumeshaanza kunukia. Furaha ilioje! Tukafika kijijini na vyombo vyetu, na kijiji kikakataa.

Walikuwa na sababu. Wageni wengine walishafika na kamera zao, wakawapiga watoto picha wakiwa peku, makamasi yanatoka, wengine na wadogo zao mgongoni, kisha wakaondoka. Ndugu mmoja aliyeko Dar es Salaam aliiona filamu yao kwenye simu akapiga kuuliza kama kuna msiba, maana kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna mzazi hata mmoja. Akina mama waliumia sana. Mwenyekiti wa kijiji alimweleza Mama Felisita, kwa heshima zote za binti wa nyumbani, kwamba walionyeshwa kana kwamba watoto wao hawana wenyewe, na kwamba mambo ya kamera yameishia hapo.

Mama Felisita akaomba mkutano kwenye godauni la chama cha msingi, akatoa ahadi. Filamu itaonyeshwa kwanza kwa akina mama, na hata mmoja wao akikataa, haitatoka. Kwa sharti hilo kijiji kikakubali. Bwana Onesmo aliposikia alishika kichwa. Alimuuliza kama yuko tayari kustaafu na filamu iliyofungiwa kabatini, naye akajibu kwamba yuko tayari.

Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Watu wetu wameizoea video ya harusi. Tulikuta watoto wamepakwa mafuta wanameremeta, wamevalishwa nguo za Krismasi, wengine na viatu vya kaka zao, wamepangwa mstari mbele ya nyumba. Kila aliyeelekezewa kamera aliwasalimia ndugu zake wa Geita. Mama Felisita alirekodi salamu zote bila kunung'unika, akawashukuru, wabeja, kisha akaiacha kamera kwenye stendi yake na kwenda kukata viazi vya michembe, vile vya kuanika, pamoja na akina mama. Watoto wakachungulia kamera mpaka wakaichoka. Nguo za Krismasi zilipochafuka, kazi ikaanza.

Tulipata wavulana wanaobishana fahali wa nani ana nguvu, mashindano ya kuogelea bwawani, na wasichana wanaomuiga mwalimu wao mpaka mwalimu mwenyewe akacheka. Halafu tukampata Flora. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Mama yake, Milembe, alikuwa shambani, na Flora ameachwa kwenye kivuli cha mkokoteni wa ng'ombe na mdogo wake. Mtoto akalia. Flora akamwimbia, akampa na kipande chake cha kiazi, bado analia. Basi Flora akageuza uso pembeni, akalia kidogo na yeye. Akajifuta kwa pindo la gauni, akambeba mtoto mgongoni, maisha yakaendelea. Mimi nilisikia yote kwenye vipokea sauti, na macho yangu hayakuwa salama.

Siku ya akina mama kuiona filamu, tulitundika shuka jeupe palepale godauni. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Ikafika sehemu ya Flora. Milembe akainuka, akapita katikati ya wenzake, akasimama mbele ya shuka, na picha ya mwanawe anayelia ikawa inaangukia kwenye gauni lake. Bwana Onesmo akazima mashine ya kuonyeshea. Nikajisemea moyoni, kwisha.

Milembe alisema kwa Kisukuma, taratibu, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Msiikate hiyo. Ila muonyeshe na mimi nilikuwa wapi."

Mama Felisita alikubali mbele ya watu wote kwamba mama huyu anadai haki yake. Shida ni kwamba pamba ilishauzwa na mashina yalishachomwa. Ofisini ikapendekezwa tutumie picha za wachumaji wengine tulizonazo, nani atajua? Mama Felisita akamtazama mtoa hoja kwa lile jicho mnalolijua. Milembe alitaka tuonyeshe yeye alikuwa wapi, hakutaka tuonyeshe mwanamke mwingine alikuwa wapi. Ikabidi kusubiri msimu mpya, na mvua zikachelewa kwa makusudi kabisa. Pamba ilipopasuka mwezi wa tano, likizo yake ya kustaafu ilikuwa imeshaanza. Aliimalizia shambani kwa Milembe, juani.

Alirekodi kutwa nzima. Milembe anachuma, kitambaa alichofunga kiunoni kinajaa, na kila baada ya mashina machache ananyoosha mgongo, anatazama kule kwenye mkokoteni waliko wanawe, kisha anainama tena. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nadhani hata mwenyewe hajui kwamba anafanya.

Wiki mbili zilizopita tulirudi godauni, safari hii na watoto wakiwemo. Flora, ambaye sasa amerefuka, alikaa juu ya magunia na wenzake. Ilipofika pale anapolia, wenzake walimtania, akaficha uso huku anacheka. Kisha akatokea mama yake kwenye shuka. Akanyoosha mgongo, akatazama, akainama. Akanyoosha tena, akatazama. Flora akaacha kucheka.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mama anayekataa. Hakuna mkono ulionyooka. Flora alishuka kwenye magunia, akapita katikati ya watu mpaka alipokaa mama yake, akamwambia, na sote tulisikia: "Mayu, kumbe huwa unaniangalia."

Nikamgeukia Mama Felisita kuona kama amelipata tukio lile. Kamera ilikuwa mapajani, imefunikwa kifuniko, na yeye anawatazama tu. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichomwona akikiacha kipite bila kukirekodi.

Mama Felisita, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo, tunakushukuru na tunajivunia wewe. Mungu akupe afya, ng'ombe wazae, wajukuu wajae uani, na kila asubuhi yako iwe ya kwako mwenyewe. Wabeja sana.

Joakim Mihayo, fundi sauti