Apolline Kahambu Hakufa kwa Aksida

Wapendwa waombolezaji, Cyprien, mudogo wa marehemu, anayewasomea karatasi hii, anaungama kwanza mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba juzi alitia sahihi hati ya kifo iliyoandikwa "aksida ya barabara", yaani ajali tu ya gari, akijua ni uongo, kwa sababu karani wa hospitali alimwambia, "Papa, tukiandika aliuawa, mwili utangoja anketi ya polisi, wachunguze kwanza," naye alitaka dada yake azikwe.

Mama Apolline alizaliwa Butembo tarehe 9 Februari 1969, mutoto wa tatu wa mkulima Papa Télesphore, akasoma kwa masista hadi mwaka wa nne wa sekondari, akashuka Goma mwaka 1988 kuuza maharagwe katika soko la Birere, na tarehe 4 Julai 1992 akafunga ndoa na dereva Gauthier, Mungu akawapa Paulin na Charline.

Agosti 1998, redio ilipotangaza bomu la Nairobi, alifunika meza yake akaenda kanisani kuwaombea wafu wale, wenzake wakamucheka, "Mama Paulin, wa hapa umemaliza kuwalilia?", naye akawajibu kwamba wauaji ni wachuuzi kama sisi, wakifukuzwa soko moja wanatandika lingine. Mwaka uliofuata waasi walimuua Gauthier barabara ya Rutshuru, na hakuna redio ya mbali iliyomutaja.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilichoma nyumba yake, akajenga tena juu ya mawe yale. Tukasikia mabomu ya Bagdadi, ya Maiduguri, tukadhani ni mambo ya wengine, mpaka mwaka 2014 mapanga yakaingia mashamba ya Beni, na wakubwa wakawaita wauaji waasi, kisha wanyang'anyi, sasa magaidi, wakibadili majina kama shati, na wanaozikwa ni wakulima walewale.

Volkano ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, ni Cyprien aliyemusukuma dada yake akimbilie Butembo, akisema kule kumetulia. Tarehe 24 Julai, akitoka kilioni Beni, gari la abiria alimopanda lilisimamishwa na watu wenye bunduki, abiria wakashushwa mmoja mmoja, wakapigwa risasi. Aksida gani hiyo, inayowaamuru watu washuke? Gari lile halikugonga hata jiwe! Alifariki hospitalini tarehe 28 Julai, saa nne asubuhi, na risasi mbili tumboni.

Tunawashukuru madaktari waliopigania uhai wake, majirani wa mtaa wetu wa Katindo waliotupikia, na wamama wa Birere waliofunga meza zao siku tatu.

Dada Apolline, Bwana akupe pumziko na amani.

Na ninyi wanne mliopona garini, tunawaona hapa, tunajua munaogopa, Cyprien naye anaogopa. Jumatatu saa tatu anarudi kwa karani kufuta sahihi yake. Tunawaomba mwende naye, museme mulichoona.