Karatasi Iliyopungua Kikapuni

Tarehe 30 Juni 1999 Bi Mwamvita Kibwana, Afisa Uhusiano wa chuo chetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa kazini. Aliajiriwa mwaka 1970 akiwa mpiga chapa, na wakongwe husema mashine yake ilisikika hadi bwaloni. Mimi ni Severin, msaidizi wake. Nimeombwa niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Ufupi nitaujaribu.

Wengi tutamkumbuka kwa midahalo ya Jumamosi. Magazeti ya watu binafsi yalipoanza kuchipuka kama uyoga, alipanda basi hadi Dar es Salaam, akazunguka vyumba vya habari kuwaalika waandishi waje kuzungumza na wanachuo na watu wa mji. Alikuwa na sharti moja: mgeni haketi mezani kabla hajapanda milima ya Mgeta kwa miguu asubuhi, akaone mboga zinavyoteremshwa kichwani hadi kwenye lori. Mhariri mmoja aliyekuja na viatu vya kung'aa alirudi amevishika mkononi, na alasiri ile hotuba yake juu ya soko huria ilikuwa fupi kuliko zote.

Wasiothubutu kusimama mbele ya maprofesa waliandika swali kwenye karatasi na kulitia katika kikapu cha ukindu mlangoni. Bi Mwamvita alizihesabu karatasi, akaandika idadi kwenye daftari lake, kisha akanikabidhi mimi nizisome zote kama zilivyo. Kila niliyoisoma aliiwekea alama. Hivyo hata mfagizi aliweza kumhoji mkuu wa chuo.

Septemba 1996 mada ilikuwa ubinafsishaji. Kikapuni nilikuta swali la Alois, mpishi wetu: je, ni kweli jiko litapewa mkandarasi, na wao wataachishwa lini? Uongozi wote ulikuwa umeketi safu ya mbele. Niliogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi, nikaitia karatasi ile mfukoni. Desemba wapishi kumi na wanane waliachishwa kazi, na hakuna gazeti lililoandika hata mstari.

Wapishi waliamini Bi Mwamvita ndiye aliyelificha swali lao. Alois aliacha kumsalimia. Maneno yakaenea, kikapu kikaanza kurudi kitupu, na mwaka uliofuata midahalo ikafa. Yeye hakujitetea. Mimi nilinyamaza, nikapandishwa cheo. Naona aibu kuliandika hili katika jarida la wafanyakazi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki iliyopita, tukipanga vitu vyake kwenye maboksi, nilimwambia kila kitu. Hakushtuka. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa siku ile: karatasi arobaini na moja, alama arobaini.

"Nilijua tangu jioni ile, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Sasa nenda kwa Alois. Si mimi wa kwanza kuombwa radhi."

Alois analima bustani Bigwa siku hizi. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe, wala hakunikaribisha kuketi. Nilipomwambia kwamba Bi Mwamvita hakuwa na kosa, aliuliza hafla ya kumuaga ni saa ngapi.

Kwa hiyo Jumamosi, kwenye hafla hiyo, kikapu kitakuwa mlangoni kama zamani, na mwandishi mmoja kutoka Dar es Salaam amekubali kuja, pamoja na safari ya Mgeta. Swali la kwanza ni la Alois. Nitalisoma mimi, kama lilivyo, mbele ya safu ile ile. Limechelewa karibu miaka mitatu na halitamrudisha mtu jikoni.

Bi Mwamvita, tunakushukuru kwa kazi uliyoifanya na kwa lawama ulizozibeba zisizo zako. Mungu akujalie afya, umri mrefu na mapumziko uliyoyatolea jasho. Njoo na daftari lako, Mama. Safari hii hesabu karatasi, zitatimia.