Shati la Pazia

Sogea karibu. Kabla sijafungua mdomo, apa kwamba haya hayatoki hapa. Umeapa? Vizuri. Mimi sikuapa, ndiyo maana nimeshamwambia muuza mkaa na dada yake. Benchi letu liko kati ya kibanda cha Kinyozi na cherehani ya Fundi, mguu mmoja umeegemea tofali. Hapo tunakunywa kahawa sisi watatu na Breki, dereva mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa kila mara alizikumbuka akiwa ameshagonga. Juzi mjukuu wangu karudi analia. Mwalimu wao mpya aliwataka waandike kila mtu kisa cha maisha yake mwenyewe, wakisome Ijumaa mbele ya wazazi. Nusu ya darasa wakaleta kisa kimoja: siku ya kwanza ya shule, mbuzi katafuna shati, mama kashona jingine kwa pazia la maua. Asipojulikana aliyewalisha kisa hicho, Ijumaa hawasomi. Na mimi nilishawatangazia majirani.

— Bi Mkubwa, alianza Fundi, mjukuu wako anakaa ghorofani. Huyo mbuzi alipanda ngazi?

— Nilimuuliza hivyohivyo. Kasema alikuwa mbuzi mdogo.

— Hizo ni redio, alisema Breki. Mtoto analala, redio inaongea, kisa kinamwingia sikioni kama mende. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo?

— Kinaingia tu.

Fundi akatema uzi aliokuwa akiutafuna.

— Redio wapi? Ni madawati. Wanabanana dawati moja, vichwa vinagusana. Mawazo yanahama kama chawa.

— Chawa ningewaona mimi, alisema Kinyozi. Vichwa vyote vya darasa lile vinapita mikononi mwangu Jumapili. Mimi nasema ni mbuzi mwenyewe. Yupo mmoja anazurura mtaani, kazi yake kula mashati ya watoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tulicheka mpaka benchi likatoka kwenye tofali. Kisha, sijui ni kahawa au ni nini, kila mtu akapoa.

— Mimi siku ya kwanza ya shule alinipeleka babu, alisema Breki. Alisimama nje ya dirisha mpaka kengele ya mwisho. Kila nikigeuka, naiona kofia yake.

— Mimi nililamba chaki, alisema Fundi. Nilidhani ni sukari. Nikaona aibu kuitema, nikaimeza.

Mimi shule niliionja tu, kama mtu anavyoonja chumvi ya mchuzi. Lakini mpaka leo nikisikia kengele naficha miguu chini ya kiti. Sikuwa na viatu.

— Na wewe, Kinyozi?

— Yangu ya kawaida tu, alisema, akatazama ndani ya kikombe.

Hapo ndipo Mwalimu alipotokea, binti mwembamba, chaki mpaka kwenye kiwiko.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

— Sikai, Bibi. Nina swali moja tu. Watoto huwa nawaambia, kisa kikiwa chako, unakijua mpaka kitu chake kidogo. Sasa nimewauliza, maua ya lile pazia yalikuwa ya rangi gani? Mmoja kasema mekundu, mwingine ya njano. Mjukuu wako kasema ya zambarau, kisha akaanza kulia. Nyinyi mnaokaa hapa kutwa, hamjui?

Breki akakohoa. Fundi akajifanya anatafuta sindano. Mimi nikainama kurudisha tofali chini ya mguu wa benchi.

— Hayakuwa maua, alisema Kinyozi, kama mtu aliyechomwa. Kila Jumapili nawaambia, hawasikii. Walikuwa ndege. Ndege wa bluu, na mmoja mama alimkata kichwa alipotoboa tundu la kifungo.

Sote tukamgeukia. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kifuani, kinaonyesha tundu lilipokuwa.