Obiesie Anasema Neno Moja

Kwenye basi la Asaba kwenda Nnewi, nyuma yangu alikaa mwanamume aliyepakata kibuyu cha tembo. Alimwambia mama muuza viazi vikuu, jirani yake kitini, kwamba anakwenda kwa wakwe kumrudisha mkewe.

"Peke yako, bila wazee wa ukoo? Nani kakufundisha hivyo, mwanangu?"

"Obiesie, yule mwigizaji wa kwenye filamu."

"Yule anayekaa pembeni? Sijawahi kumsikia akimaliza sentensi."

"Ndiye. Wenzake wanapiga kelele mpaka televisheni inatetemeka. Yeye anamtazama mkewe, anasema, 'Nimekosa,' kisha ananyamaza. Mimi nimeoa miaka kumi na miwili, neno hilo sijawahi kulitamka. Mungu amweke yule baba."

"Amweke. Lakini wakwe watakufukuza."

"Wazee walikwenda mwezi uliopita. Walihutubia, wakanywa tembo lote, wakarudi bila mke."

Mimi nilikubaliana na yule mama, ila hakuna aliyeniuliza.

Basi liliposimama Nnewi, mtu yule hakuinuka. "Mama," alisema taratibu, "nisikilize kidogo, nijaribu kwako kwanza. Nimekosa."

"Umetazama chini," mama akamwambia. "Rudia."