Safari Hii Mama Futa Aondoke Kweli

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa chumba cha waandishi wa programu, ambaye sote tunamwita Mama Futa, anastaafu tarehe 30 Juni. Msomaji mwenye kumbukumbu nzuri atasema habari hii ameshaisoma. Ni kweli. Jarida hili lilimuaga mwaka juzi, likamuaga tena mwaka jana, na mara zote mbili Jumatatu iliyofuata alikuwa mezani kwake, mkoba umening'inia kwenye kiti, kwa sababu uongozi ulimwomba abaki kidogo. Safari hii tunaomba aondoke kweli. Amechoka. Taarifa za namna hii hupenda kusema mstaafu hakujua uchovu. Huyu aliujua, na aliutangaza kila siku baada ya chakula cha mchana.

Alianza kama mwingizaji wa taarifa, enzi ambazo kompyuta moja ilikuwa na chumba chake na feni yake, na watu walijipepea kwa bahasha. Akajifundisha kuandika programu, akapanda hadi kuongoza chumba kizima. Mfumo wa miadi ya wagonjwa unaotumiwa na zahanati zote tunazozihudumia ni kazi ya mikono yake, sehemu kubwa. Angeweza kustaafu kwa sifa hiyo tu, akaenda zake kupumzika.

Kisha wakaja wasaidizi wa akili bandia. Wanaandika programu upesi mno, lakini ya jana hawayakumbuki: kila unapofungua kazi mpya, msaidizi anaingia kama mgeni aliyeshuka leo, hajui hata choo kiko wapi. Dawa yake ni faili fupi la maelezo linalokaa ndani ya mradi, analolisoma kabla ya kugusa chochote: mfumo huu ni wa nini, kipi kiko wapi, majaribio yanaendeshwaje, wapi pasiguswe kabisa. Kuliandika ni kazi ya asubuhi moja. Kulitunza ndiko kulikommaliza Mama Futa, maana mfumo unabadilika, faili linabaki na maelezo ya zamani, na msaidizi anayatii kwa moyo mmoja.

Sisi nasi tulipenda kuongeza. Mwenzetu wa ripoti aliandika humo kwamba msaidizi awe makini, awe mtaalamu, na asikosee. Mama Futa aliufuta mstari huo siku hiyohiyo, akasema kama kuambiwa usikosee kungetosha, sisi angekuwa ameshatuambia zamani. Hapo ndipo jina lilipomganda. Akaweka utaratibu: anayetaka kuongeza mstari asimame mbele ya meza yake, ausome kwa sauti, kisha ataje kosa ambalo msaidizi alilifanya kwa kuukosa. Huna kosa la kutaja, karudi kwenye kiti chako. Wengi tulirudi tukinung'unika kwamba mama huyu ana roho ngumu. Na kila Jumatatu alimpa msaidizi kazi ndogo, akakaa kumtazama anapopotea, shavu kwenye kiganja, miayo mfululizo.

Mwaka jana bintiye alijifungua, naye akachukua likizo kwenda kuwahudumia mzazi na mtoto. Hakumaliza wiki. Alipotupa kisogo tu, kila mtu alichomeka lake kwenye faili. Mmoja aliandika kwamba tarehe zianze na siku. Mwingine, chini kabisa, akaandika zianze na mwezi, kwa kuwa ndivyo zilivyotoka kwenye mfumo wa maabara. Hakuna aliyesoma cha mwenzake. Msaidizi alifuata la kwanza kwenye ukurasa wa miadi na la pili kwenye ujumbe wa simu, na kina mama waliotakiwa kuleta watoto kwa chanjo tarehe tano mwezi wa tatu wakaandikiwa waje tarehe tatu mwezi wa tano. Wauguzi walikaa na chanjo zao, mabenchi matupu. Meneja akapiga simu, na Mama Futa akarudi.

Alifuta mpaka likabaki ukurasa mmoja. Wauguzi wakawapigia kina mama mmoja baada ya mwingine, na watoto wakachanjwa. Hakutugombeza. Ni shemeji yetu, mume wake, aliyekuja kutudokeza baadaye kwamba binti alibaki analia mlangoni na kichanga mkononi.

Mwaka huu meneja alimwomba tena abaki. Akakataa, kwa upole, bila kueleza. Tangu siku hiyo hakuligusa faili. Alivuta kiti pembeni, akatupanga zamu, kila mmoja wiki yake. Tulifuta visivyopaswa kufutwa, tukavirudisha, tukalaumiana hadi tukaishiwa maneno. Yeye alitazama tu.

Ijumaa iliyopita tulipolipitia faili pamoja naye kwa mara ya mwisho, tulikuta mstari ambao hakuna aliyekiri kuuandika. Ulimwagiza msaidizi kwamba akikwama, amwambie mtumiaji ampigie simu Mama Futa, na namba yake ilikuwepo. Ukweli ni kwamba sote tulitaka mstari ule ubaki. Alitutazama mmoja mmoja, aone nani atautetea. Zamu ilikuwa ya mwenzetu wa ripoti. Aliufuta mwenyewe, macho yameiva.

Jumanne msaidizi akakwama kwenye miadi ya kliniki ya macho. Tuliizunguka ile kompyuta hadi saa ya kutoka, tukabishana, tukakosea, mwishowe tukapata. Muda wote huo Mama Futa alikuwa chumba cha pili akipanga vitu vyake kwenye boksi, mlango wazi, anatusikia vizuri. Hakuja.

Asante, mama, kwa yote uliyoyaandika, na zaidi kwa yale uliyotufutia. Nenda kwa binti yako, ukampakate mjukuu hadi mikono ife ganzi, ulale mchana bila mtu wa kukuamsha. Hatutapiga simu.