Mzee Ambwene, Kromu na Jembe la Kisa

Wachungaji, wazee wetu, majirani na ndugu mlioacha mashamba yenu leo, familia inawaomba mtulie msikilize safari ya mpendwa wetu, Mzee Ambwene Nsajigwa Mwaisumo, na atakayecheka asione haya, kwa maana mwenyewe alishatoa ruhusa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Ndandalo, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1960 hadi 1966, kisha akaenda Mbeya kujifunza ufundi wa vyuma, na mwaka 1973 akaajiriwa kutengeneza bunduki za askari wa wanyamapori, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011.

Huko kazini ndiko lilikomwangukia penzi lake la pili, yaani kulinganisha matabaka yanayowekwa juu ya chuma kisiliwe upesi, akichukua bolti mbili za bunduki, vile vyuma vinavyosukuma na kufungia risasi ndani, moja imepakwa kromu kwa umeme, nyingine imepikwa katika chumvi ya moto mpaka ikawa nyeusi, akizifungua na kuzifunga mchana kutwa aone ipi itachakaa kwanza, naye akiiapia kromu kwa sababu inang'aa, lakini kustaafu kukamkuta kabla ya jibu.

Penzi la kwanza, Bi. Kisa Andrea wa Katumba Songwe, alifunga naye ndoa takatifu tarehe 9 Septemba 1978, wakajaliwa Doreen, Amon na Anyisile, na wajukuu ambao hawahesabiki kwa sababu hawatulii.

Alirudi nyumbani na majembe mawili aliyoyawekea matabaka yaleyale, la kromu akalishika yeye, jeusi akamkabidhi mkewe, wakalima nayo mpunga na kakao miaka yote hii, kila jioni akiyaosha na kuyalaza sambamba barazani, na lake lilipoanza kubanduka alidai Kisa analima kwa kudonoadonoa, jambo ambalo Ndandalo nzima inajua ni uongo.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2024, akalazwa Kyela mjini, na alipoona safari imekaribia hakuagiza jeneza la fahari wala ng'ombe, aliagiza kaburi lake lichimbwe kwa majembe yote mawili na matokeo yasomwe hadharani, hata kama yatamwaibisha, akatutoka tarehe 2 Juni 2024 saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Kisa, na hatufichi, tumeumia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake wakiongozwa na Mzee Lusungu, ndaga fijo, asanteni sana.

Sasa matokeo. Kaburi wamelichimba Amon na Mzee Lusungu, majembe yameoshwa na yako pale mbele ya jeneza, la kromu limebanduka ncha yote na chuma kimeliwa, jeusi ncha yake bado nzima. Baba, mama ameshinda, naye ametuomba tukukumbushe kwamba jembe lake ulilipika wewe. Pumzika kwa amani.